Fuko wa Bustani ya Sista

Fuko ana tabia moja inayomponza: hawezi kuvumilia tundu. Ukilifukua paa la njia yake chini ya ardhi, hewa ikaingia na mwanga ukapenya, basi hata kama yuko mbali anatafuna mizizi kwa raha zake, atajua. Na akijua atakuja. Atakuja akisukuma udongo kwa kichwa na kifua ili azibe, na hapo kwenye kuziba ndipo anapokutana na kitanzi. Panya unamhonga kwa kipande cha nyama. Fuko humpi kitu, unamharibia nyumba tu, anajileta mwenyewe.

Hayo Mzee Nyata aliyajua tangu alipokuwa mtunza bustani wa hospitali kubwa ya mji, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu na kupewa saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda sawa. Jina la Nyata hakupewa na wazazi wake. Alilipata uzeeni, alipoanza kuzunguka kwenye nyumba za watu kuwategea fuko. Akishatega alikuwa hamruhusu mtu kutembea kama mtu. "Nyata, mama," alikuwa akimwambia mwenye nyumba, kidole mdomoni. "Huyu anasikia kwa miguu." Basi watu wazima na heshima zao wakawa wanatembea kwa ncha za vidole kwenye nyua zao wenyewe, wengine wameshika viatu mkononi, na mtu akicheka anakodolewa jicho mpaka anyamaze. Jina likamganda, naye hakuona ubaya. Ni afadhali jina la utani kuliko kutoitwa kabisa.

Maana kuitwa kwenyewe kulikuwa kumepungua. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na nyumba yake ya vyumba viwili ilibaki na sauti ya redio na ya sufuria. Alikuwa akipika mara moja, anakula mchana, anakula jioni, na kesho yake asubuhi anamalizia kiporo kwa ubishi tu. Bintiye wa pekee aliolewa mbali. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, mtoto mzuri, hakukosa. "Baba hujambo? Umekula? Dawa unakunywa?" Sijambo, nimekula, nakunywa. Simu inakatika haijapata hata joto sikioni.

Siku moja alikwenda dukani kununua chumvi. Alipofungua mdomo sauti ikatoka imekwaruza, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Mwenye duka akamuuliza, "Mzee, unaumwa koo?" Akasema ni mafua. Hayakuwa mafua. Alikuwa hajasema neno na binadamu tangu simu ya bintiye, na hilo aligundua palepale, mbele ya mizani, akaona aibu kama mtu aliyevaa shati nje ndani.

Mvua za kwanza zilipoanguka, aliitwa kwa Sista.

Sista alikuwa muuguzi mstaafu, na ingawa gauni jeupe alikwishalivua zamani, mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo. Aliishi peke yake katika nyumba yenye baraza na uwanja mdogo wa ukoka mbele yake. Ukoka ule waliupanda yeye na marehemu mumewe, seremala, kijiti kwa kijiti, miche wameibeba katika gunia bichi. Mumewe alipougua, miezi ya mwisho, alikuwa akitolewa nje akiwa kwenye kiti, anakaa pale juu ya nyasi miguu peku. Tangu azikwe, Sista alikuwa na mazoea: kila asubuhi alivua viatu akatembea uwanja wote, kutoka uzio hadi uzio, taratibu, kama anapita vitandani kukagua wagonjwa. Sasa ukoka ulikuwa umetapakaa vichuguu vya udongo mbichi, na njia za fuko zilipita chini yake kama mishipa. Ukikanyaga vibaya, mguu unazama hadi kwenye kifundo.

"Wewe si yule wa toroli lililokuwa linalia?" Sista aliuliza alipomwona tu.

"Toroli ndilo lililokuwa linalia, Sista. Mimi nilikuwa nasukuma."

"Tulikuwa tunakulaani wodini! Mgonjwa ndiyo kwanza amepata usingizi, toroli hilo hapo dirishani."

"Niliomba mafuta ya kulipaka miaka yote. Hawakunipa."

Wakacheka. Walikuwa wamefanya kazi katika boma moja nusu ya maisha yao, Sista ndani, mzee nje ya dirisha, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Mzee Nyata akaenda kazini. Alichomachoma ardhi kwa fimbo mpaka akaipata njia inayopitika, akaifukua kwa kisu, akapachika kitanzi cha waya kwenye mdomo wa njia hiyo. Kamba ya kitanzi aliifunga kwenye fimbo mbichi iliyochomekwa ardhini na kupindwa kama upinde, na upinde ule ukashikiliwa na kijiti kimoja kidogo, si kikubwa kuliko njiti ya kiberiti. Kijiti ndicho mtego wenyewe. Kinatakiwa kisimame kwa kusitasita, hivi kwamba udongo unaosukumwa na fuko ukikigusa kinateleza, fimbo inafyatuka, na mambo yamekwisha. Ukikikaza mno, fuko ataziba tundu lake vizuri, ataondoka zake, na fimbo itabaki imepinda pale inakushangaa.

Alikiweka kama kinavyotakiwa. Kisha akarudi barazani akinyata, na Sista akampokea kwa chai.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na raha. Kwa sababu ya fuko, ilibidi wanong'one. Sista alikoroga sukari bila kijiko kugusa kikombe, ufundi alioupata kwenye zamu za usiku, na Mzee Nyata akamsifu kwa kunong'ona. Akaeleza habari ya daktari mmoja aliyekuwa akiiba mawaridi kila Ijumaa, naye Sista akaziba mdomo kwa kanga asiangue kicheko, machozi yakimtoka. Wazee wawili, vichwa karibu karibu, wananong'onezana kama wachumba waliojificha. Ng'ambo ya uzio jirani mfuga kuku, anayeitwa Mama Kuku, alisimama na kopo la pumba mkononi muda mrefu kuliko kuku walivyohitaji.

Chai ilipofika katikati ya kikombe, Sista akautazama mtego akasema, "Basi ukimnasa huyu ndiyo imekwisha. Hutakuwa na la kukuleta huku."

Alisema tu, kama mtu anayesema mawingu yamejaa. Lakini Mzee Nyata aliweka kikombe chini. Aliiona nyumba yake, redio, sufuria ya kiporo. Mtu atauliza: kwani alikatazwa kuja kusalimia? Hakukatazwa. Lakini mgane kwenda kumtembelea mjane bila shughuli ni kuwapa watu mdomo, na Mama Kuku alikuwa na mdomo wa kutosha tayari. Na zaidi ya watu, alijiogopa mwenyewe. Mwanamume aliyezoea kuingia kwenye nyumba za watu na jembe mkononi, akija mikono mitupu atasema amekuja kufanya nini?

"Ngoja nikakiangalie vizuri," alinong'ona.

Akanyata mpaka mtegoni, akainama, na kidole gumba chake kikakikandamiza kile kijiti. Kidogo tu. Hakuwa amepanga, kidole kilimtangulia. Akarudi akaketi. Baada ya muda udongo ukaanza kutikisika kwenye tundu, ukajaa, ukafunga. Fimbo haikufyatuka.

"Lo!" alinong'ona Sista. "Ameziba!"

"Mjanja huyu," alisema Mzee Nyata. Alikwepa macho ya Sista kama mtoto aliyevunja sahani. "Kesho kutwa nitakuja tena."

Alikuja kesho kutwa, na kesho kutwa yake. Akaanza kupiga pasi shati la kwendea kutega fuko, jambo ambalo hata yeye lilimchekesha. Alinyoa ndevu. Bintiye alipopiga simu Jumapili, akamwambia kwa kirefu habari za fuko mjanja asiyenasika, mpaka mtoto akasema, "Baba, leo umechangamka!" Kila mara mtego uliwekwa, kila mara kijiti kilikazwa, na kila mara wawili wale walikaa barazani wakinong'ona habari za wodi, za bustani, za marehemu wao. Sista alimweleza jinsi mumewe alivyokuwa akilalamika kwamba nyasi zinamtekenya, na siku alipoacha kulalamika ndipo alipojua kwamba safari imekaribia. Mzee Nyata alimweleza jambo ambalo hata bintiye hakuwa analijua: kwamba bado analala upande wake mmoja wa kitanda, na upande wa pili anautandika kila asubuhi ingawa haujavurugika.

"Mimi nautandika pia," Sista alisema, akamwongezea chai.

Lakini fuko hakai bure akingoja wazee wamalize maongezi. Kila usiku alichimba. Vichuguu vikaongezeka, ukoka ukaanza kunyauka kwa viraka, na ardhi ikawa tupu chini kama mkate ulioliwa ndani na panya. Mzee Nyata aliona. Hilo lazima lisemwe, asije akatetewa kwamba hakujua. Aliona vizuri kabisa, akachonga vijiti virefu akavichomeka kila mahali palipokuwa na njia, akamwambia Sista, "Asubuhi ukitembea usipite penye vijiti." Alijihisi ametimiza wajibu. Mtu anayechoma nyumba akaacha ndoo ya maji mlangoni naye hujihisi hivyo hivyo.

"Siku za mwizi ni arobaini," Sista alikuwa akisema kila fuko alipowaponyoka, na mzee alikuwa akitikisa kichwa huku ameangalia kikombe.

Mama Kuku naye hakunyamaza. Siku moja aliegemea uzio. "Mzee Nyata! Huyo fuko wenu ana digrii?"

"Ni mzoefu," alijibu mzee. "Amewahi kuponea kitanzi, huyo. Wa namna hiyo wanasumbua."

"Anasumbua au anasumbuliwa? Sista, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna kijana anakuja na moshi, anapuliza humo mara moja, kwisha. Nikuitie?"

Sista hata hakumwangalia jirani yake. "Mwache mzee afanye kazi yake," alisema. "Mimi namjua tangu hospitali. Hana haraka, na mimi sina haraka."

Maneno hayo mzee alirudi nayo nyumbani na hayakumpa usingizi. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Roho ilimsuta: mwanamke yule anakutetea mbele ya jirani, nawe unamlia nyasi za mumewe. Alijigeuza upande wake mmoja wa kitanda, akaapa. Safari ijayo kijiti kitasimama kama kinavyotakiwa. Atamnasa, atamwonyesha, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye, labda atapata neno la kusema. Apangalo mtu, hata hivyo, huwa linangojea kesho, na kesho ina mambo yake.

Mvua ilinyesha mfululizo, haikuwezekana kutega. Ilipoacha, Mzee Nyata alipiga pasi shati lake, akachukua mfuko wa waya, akaondoka. Alipofika, baraza lilikuwa tupu na mlango umefungwa. Mama Kuku alikuwa uani kwake, safari hii hana kopo wala utani.

"Hayupo, mzee. Wamempeleka hospitali. Alikuwa anatembea pale kwenye nyasi zake, asubuhi, mguu ukazama. Nilisikia tu, ka! Nilidhani ni tawi."

"Wapi? Penye vijiti?"

"Vijiti gani? Mvua yote hiyo vimelala chini. Pale, karibu na njia ya maji."

Alikwenda kupatazama. Shimo la mguu lilikuwa bado pale, limejaa maji, na pembeni alama ya kiganja kwenye udongo, pale Sista alipojaribu kujiinua. Alikaa chini palepale na shati lake lililopigwa pasi. Mama Kuku akamwambia asijilaumu, fuko ni fuko, kazi amejitahidi.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika. Sista alirudi nyumbani akiwa na plasta hadi chini ya goti na magongo mawili, na mwanawe mkubwa akiwa amekuja na gari kumchukua. Mzee Nyata alipobisha hodi, mwana ndiye aliyefungua. Alikuwa mtu mzima, mpole, ana macho ya mama yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Karibu sana. Mama ametueleza ulivyohangaika na huyu mnyama. Kila siku unakuja, mvua, jua. Tunakushukuru sana."

Laiti angemfukuza! Mzee Nyata alisimama pale anashukuriwa. Mwana akaendelea kumweleza, kama mtu anavyomweleza ndugu wa nyumba: mama anakwenda kukaa kwake, ghorofani, huko hakuna udongo wala matope. Nyumba itapangishwa. Nyasi zote zinang'olewa, mafundi wameshakubaliana, uwanja mzima unamwagwa zege. "Hapo fuko akitaka kutoka atatoboa zege kwa meno," alisema akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka na safari.

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama haelewi. Lakini mzee, mwenyewe unaona. Safari hii ni mguu. Safari nyingine je?"

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyejua ukweli huo kuliko Mzee Nyata. Sista alikuwa barazani, mguu umewekwa juu ya kiti, anatazama ukoka wake. Alimsalimia, akamwambia daktari mpya alikuwa anafunga plasta kama anayefunga furushi la nguo chafu, ikabidi amfundishe. Akacheka mwenyewe. Kisha akasema, "Wanaweka zege, umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

"Alikuwa anasema zinamtekenya," alisema Sista.

Mwana alikuwa ndani anakusanya mizigo. Mzee Nyata akashuka barazani. Hakuchagua mahali, hakuchomachoma. Alifukua njia ya kwanza aliyoijua, akaweka kitanzi, akapinda fimbo, akakisimamisha kijiti kikasitasita kwenye ncha ya kucha kama kinavyotakiwa kusitasita. Hakukigusa tena. Hakurudi kukaa pia. Alisimama palepale, na kabla hajapata kufikiri lolote, udongo ukatikisika, fimbo ikafyatuka. Kazi iliyokuwa imemshinda tangu mvua za kwanza ilikwisha upesi kuliko birika linavyochemka.

Alimtoa kwenye waya, akampeleka barazani juu ya kipande cha gunia. Alikuwa mdogo, kiasi cha kiganja, manyoya laini yanang'aa, macho kama mbegu za ufuta, na meno ya njano yaliyotokeza nje ya midomo.

Sista akainama kumtazama. "Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?"

"Ndiye."

"Na jinsi alivyotuzungusha! Pole, mzee. Umefanya kazi kubwa."

Angeweza kunyamaza. Gari lilikuwa linapakiwa, mwanamke anaondoka, na fuko alikuwa amekufa, hatoi ushahidi. Angebaki katika kumbukumbu zake kuwa mzee yule mwema asiye na haraka, mtu wa kukumbukwa kwa tabasamu huko ghorofani. Hiyo ndiyo mali pekee aliyokuwa amebaki nayo kwake. Mzee Nyata alikunja kofia yake mkononi, akasema bila kunong'ona:

"Hakutuzungusha, Sista. Ni mimi. Ningemnasa siku ile ile ya kwanza. Kijiti nilikuwa nakikaza."

"Unakikaza vipi?"

"Kwa kidole. Ili kisifyatuke. Kila nilipokuja nilikikaza."

Sista alimwangalia. "Kwa nini?"

Alitaka kusema mengi, kuhusu redio, kuhusu sauti yake pale dukani. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Nilitaka nirudi. Sikuwa na pengine pa kwenda kukaa na mtu."

Sista aliutazama mguu wake ndani ya plasta, akautazama ukoka, akamtazama yule fuko kwenye gunia. Ndani mwanawe aliangusha kitu akaguna. Ng'ambo ya uzio kuku walikuwa wakigombania pumba. Alipozungumza, alizungumza polepole, kama anayempa ndugu wa mgonjwa majibu ya vipimo.

"Mimi nilikuwa nikisikia unabisha hodi, naomba. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba, ee Mola, leo asimnase. Kila ulipokuja niliomba hivyo, huku nakuchemshia chai." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini mimi niliomba tu, mzee. Wewe ulikikaza."

"Ndiyo, Sista."

"Ungesema. Ningekuambia njoo tu. Mama Kuku angesema wiki moja, wiki ya pili angechoka."

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuwa na miguu yangu."

Mwanawe akatoka, akamwinua mama yake taratibu, mkono huu begani, magongo upande wa pili, wakashuka ngazi hatua kwa hatua. Walipofika ukingoni mwa nyasi Sista alisimama. Alivua kandambili ya mguu mzima, akauweka mguu ule chini kwenye ukoka, akabaki hivyo mpaka mwanawe aliposema, "Mama, twende." Akaingia garini. Mzee Nyata alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, naye Sista akamwambia, "Haya, baki salama," kama anavyoambiwa mtu yeyote. Kioo kikapandishwa.

Gari lilipopotea kwenye kona, Mzee Nyata alimfukia fuko karibu na uzio. Kisha akachukua jembe akaanza kazi. Alizifukua njia zote, moja baada ya nyingine, akazijaza udongo, akazishindilia kwa kisigino, akarudishia vipande vya ukoka juu yake na kuvikanyaga vikae. Shimo la mguu wa Sista alilijaza mwisho. Alifanya kazi mpaka shati lote likalowa na udongo mwekundu, na uwanja ukawa imara kutoka uzio hadi uzio, mahali ambapo mtu angeweza kutembea peku amefumba macho.

Mama Kuku alimtazama kwa muda mrefu, kisha akashindwa kuvumilia. "Mzee, unajisumbua nini? Si kesho wanakuja kumwaga zege?"

"Najua," alisema Mzee Nyata, akaendelea kukanyaga.